Konsoli moja ya nyumbani na ya mkononi: Goma ina hesabu nyingine

Kampuni ya Kijapani Nintendo ilianza kuuza Switch 2 tarehe 5 Juni 2025, na katika siku nne za kwanza watu walinunua mashine zaidi ya milioni 3.5. Ni mashine moja yenye kazi mbili. Unaishika mkononi kama simu kubwa, ukifika nyumbani unaipachika kwenye kituo chake na mchezo unahamia kwenye televizheni. Siku hizohizo mjini Goma mabenki yalikuwa yamefungwa tangu mwisho wa Januari, ndege za abiria hazitui, na vijana wa Katindo, Majengo na Ndosho waliendelea kulipa mechi moja moja katika sale za michezo, kwenye mashine za PlayStation ambazo baadhi yake zina umri kuliko wachezaji wenyewe.

Swali la zamani katika biashara hii ni kama kuunganisha konsoli ya nyumbani na ile ya mkononi kunaongeza mauzo. Kwa namba za Nintendo, jibu ni ndiyo. Kwa Goma jibu ni refu zaidi, na wanaotengeneza mashine hizi hawajawahi kuja kuliuliza.

Tuanze na namba, maana mara nyingi zinatajwa nusu. Kabla ya Switch, Nintendo ilikuwa na nyumba mbili. Kulikuwa na konsoli ya sebuleni, Wii U, na ya mfukoni, 3DS. Wii U iliuzwa milioni 13.56 tu. 3DS ilifika karibu milioni 76. Ukizijumlisha unapata kama milioni 89 na nusu. Switch ya kwanza, iliyotoka tarehe 3 Machi 2017, ilipita peke yake milioni 150 kufikia mwisho wa 2024. Mtu akisimama hapo atasema mambo yamekwisha, muungano umeshinda.

Lakini rudi nyuma hatua moja zaidi. Kabla ya Wii U na 3DS kulikuwa na Wii na DS. Wii iliuza milioni 101, DS milioni 154. Jumla ni zaidi ya milioni 255, na hizo zilikuwa mashine mbili zisizounganishwa hata kwa uzi. Kwa hiyo mashine moja haijawahi kuuza masanduku mengi kuliko mbili zikiwa katika siku zao nzuri. Mzazi aliyenunua Wii kwa ajili ya familia na DS kwa ajili ya mtoto alilipa mara mbili. Kwa Switch analipa mara moja, labda na kuongeza nyingine ndogo kwa mtoto wa pili.

Faida ya muungano iko kwingine, kwenye michezo. Mwaka wa 2013 Nintendo ilikusanya pamoja idara zake mbili za kuunda mashine, ile ya nyumbani na ile ya mkononi, na mwaka wa 2015 ikafanya hivyo kwa idara zake kubwa za kutengeneza michezo. Zamani timu moja ilikuwa inatengeneza Mario wa sebuleni, nyingine Mario wa mfukoni, na kila mnunuzi anapata nusu ya kazi ya kampuni. Baada ya muungano, kila mchezo unaotoka ni wa kila mwenye mashine. Mfano unaoeleweka haraka ni Mario Kart 8. Ulipotoka kwenye Wii U mwaka wa 2014 uliuza nakala zaidi kidogo ya milioni 8. Mchezo huohuo, ukiwa umeongezewa vitu vichache, uliletwa kwenye Switch mwaka wa 2017 na umepita nakala milioni 60. Mario hakubadilika. Kilichobadilika ni idadi ya milango aliyofunguliwa.

Na wanaodhani ujanja uko katika chuma chenyewe wakumbuke waliojaribu na kuanguka. Sega ilitoa Nomad mwaka wa 1995, mashine ya mkononi iliyocheza kartriji zilezile za Mega Drive ya nyumbani na kuweza kuunganishwa na televizheni. Ilikula betri sita kwa saa chache, na ilikuja wakati Sega yenyewe imeshahamia kwenye Saturn. Sony ilichukua njia ya upande wa pili. Mwishoni mwa 2013 ilitoa kisanduku kidogo cha kuchezea michezo ya PS Vita kwenye televizheni, lakini michezo mingi haikukubali kucheza humo na kisanduku kikapotea sokoni. Vita yenyewe ilifuata, na utengenezaji wake ukasimama mwaka wa 2019. Hata Wii U ilikuwa jaribio la nusunusu, kwa sababu kidhibiti chake kilikuwa na skrini ya mkononi lakini ukienda nacho mbali na mashine kinakufa. Watu hawakununua mashine inayoweza kufanya kazi mbili. Walinunua mahali ambapo michezo yote inapatikana, na mashine yenye kazi mbili ndiyo iliyowezesha mahali hapo kuwepo.

Sasa njoo Goma.

Hapa mtu anayecheza na mtu anayemiliki mashine si mmoja. Mwenye sale ndiye ana konsoli, televizheni, maneti mbili ambazo amezifungua na kuzitengeneza mara nyingi, na benchi. Vijana wanalipa kwa mechi, anayefungwa anatoka, anayeshinda anabaki, na wengine kumi wamesimama nyuma wakipiga kelele na kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Mashine moja inahudumia mtaa. Sony inaihesabu kama mauzo ya mteja mmoja, au haiihesabu kabisa ikiwa imekuja ya mitumba. PS2 iliendelea kupumua katika sale za aina hii miaka mingi baada ya Sony kutangaza, Januari 2013, kwamba haiitengenezi tena, na mashine zilizokuja baada yake, PS3 na PS4, zimefuata njia hiyohiyo ya kuzeeka kazini.

Katika biashara kama hiyo, je, konsoli ya kubeba inasaidia nini? Kuna jambo moja linaloipa nguvu kubwa, nalo ni umeme. Tangu kituo cha Matebe kilipozinduliwa mwisho wa 2015 na Virunga Energies kuanza kusambaza umeme wa mbuga, sehemu za Goma zina umeme ambao baba zao hawakuwahi kuuona. Lakini si kila avenue, na hata penye nyaya unakatika. PS4 haina betri. Umeme ukikatika dakika ya 85 mtu akiwa anaongoza 2 kwa 1, sale inageuka mahakama, na mwenye sale anarudisha makuta au anarudia mechi bure. Switch ya kwanza ya 2017 inakaa na chaji kati ya saa mbili na nusu na sita na nusu, na toleo lililofuata mwaka wa 2019 linafika hata saa tisa kwa michezo myepesi. Inaweza kuchajiwa kwa betri ya kubebea, na hiyo betri kwa sahani ya sola. Kwa mji wa Goma hilo ni jambo kubwa kuliko uzuri wowote wa picha.

Lakini televizheni haina betri. Mchezo ukihamia kwenye skrini ya inchi sita, wachezaji wawili wanaendelea na watazamaji kumi hawaoni kitu. Na watazamaji ndio wateja wa mechi inayofuata. Mwenye sale haendeshi mashine tu, anaendesha uwanja mdogo wenye jukwaa. Konsoli ya mkononi inaokoa mechi moja na kuondoa jukwaa.

Kuna pia suala la mchezo wenyewe. Katika sale za Goma, mchezo ni mpira. Switch haikuwahi kupata PES ya Konami. FIFA ilikuja, lakini kwa miaka minne mfululizo, kuanzia FIFA 20 hadi FIFA 23, wenye Switch waliuziwa mchezo uleule wa nyuma ukiwa umebadilishiwa jezi na majina ya wachezaji. Ni Septemba 2023, na EA Sports FC 24, ndipo walipopewa toleo lililojengwa upya kwa injini inayotumika kwenye mashine kubwa. Miaka minne ni mingi. Kijana wa Mabanga anayejua kila mabadiliko ya kikosi cha Real Madrid au Manchester City hawezi kulipia mpira wa jana. Kama muungano unauza kwa sababu ya michezo, basi mashine ambayo haina mchezo ambao mtaa unautaka haiwezi kuuza katika mtaa huo, hata ikiwa na betri ya wiki nzima.

Halafu bei. Switch 2 ilitoka Marekani kwa dola 449.99. Benki ya Dunia imekadiria kwamba zaidi ya Wakongomani 7 kati ya 10 wanaishi na pesa chini ya dola 2.15 kwa siku. Mtu wa kiwango hicho angehitaji zaidi ya siku 209 bila kula, bila kupanga nyumba, bila kulipia mtoto shule, ili kufikia bei ya dukani ya Marekani. Na bado hajafika Birere, ambako mashine imepita Dubai au Kampala na kila mkono umechukua chake. Mwenye sale anaweza kugawa gharama hiyo kwa mamia ya mechi. Familia haiwezi.

Ndiyo maana muungano wa kweli wa konsoli ya nyumbani na ya mkononi Goma ulishafanyika zamani, na hakuna kampuni ya michezo iliyoupanga. Umefanyika ndani ya simu. Kuna programu inaitwa PPSSPP, iliyotoka mwaka wa 2012, inayofanya simu ya Android icheze michezo ya PSP, konsoli ya mkononi ambayo Sony iliizindua Japani Desemba 2004. Vijana wa Afrika nzima wamechukua michezo ya mpira ya PSP, wakabadilisha jezi, vikosi na hata sauti za watangazaji, wakaisambaza kwa kadi za kumbukumbu na kwa kutumiana simu kwa simu, bila kununua mega. Mchezo wa mashine iliyozikwa unachezwa leo kwenye Tecno au Itel ukiwa na kikosi cha msimu huu. Simu hiyo ndiyo benki, ndiyo redio, ndiyo tochi umeme ukikatika, na ndiyo konsoli. Sony haipati hata franka moja. Mtu anaweza kuita hilo wizi, na kisheria hatakosea sana. Lakini ni vigumu kumwambia kijana anunue kihalali kitu ambacho hakiuziwi nchi yake.

Maana hilo pia ni kweli. Ukitaka kufungua akaunti ya PlayStation, Kongo haimo katika orodha ya nchi za kuchagua. Duka la mtandaoni la Nintendo nalo halina mlango wa Kongo. Anayetaka kuingia anajifanya mkaaji wa Ufaransa au Ubelgiji, anatafuta ndugu aliye huko amnunulie kadi, na anaomba Mungu akaunti isifungwe. Katika mji ambao kwa miezi watu wameishi kwa M-Pesa na Airtel Money, hakuna hata moja ya konsoli hizi inayokubali malipo hayo. Mtu anaweza kusema kwamba soko la Afrika bado dogo. Soko ambalo halina mlango litaonekana dogo siku zote kwa aliye nje.

Kuna upande mwingine ambako Goma inajulikana sana katika biashara ya konsoli. Mwaka wa 2000, PS2 ilipotoka na simu za mkononi zilipokuwa zikienea duniani, bei ya tantalamu, madini yanayotolewa katika koltani na kutumika kwenye vidude vidogo vinavyotunza umeme ndani ya saketi, ilipanda karibu mara kumi kisha ikaanguka mwaka uliofuata. Kundi la RCD, lililokuwa linatawala Goma, lilitoa Novemba mwaka huo haki ya kuuza koltani nje kwa kampuni moja tu, SOMIGL. Wakulima wa Masisi waliacha mashamba wakaenda kuchimba. Baadaye kuna walioandika kwamba hiyo ilikuwa vita ya PlayStation. Jina hilo linauza magazeti lakini linarahisisha mno. Wafanyabiashara walikuwa wakinunua na kuficha madini kwa hofu ya upungufu, na simu zilitumia tantalamu nyingi. Vita yenyewe ilianza mwaka wa 1998, kabla ya PS2 kuuzwa hata moja. Bado ukweli wa msingi haufutiki: kupanda kwa mauzo ya vifaa vya umeme Tokyo na New York kunasikika Masisi kabla ya kifaa chenyewe kuonekana Birere.

Nintendo haina sababu ya kujisifu katika hilo. Mwaka wa 2012 shirika la Enough Project la Marekani, lililokuwa linapima juhudi za kampuni kuhusu madini ya vita ya Kongo, liliipa alama sifuri. Tangu wakati huo kampuni imetangaza taratibu zake za kukagua wauzaji, kama wengine wote. Lakini migodi ya Rubaya, ambayo peke yake inakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantalamu ya dunia, iko mikononi mwa M23 tangu mwisho wa Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika jinsi kundi hilo linavyotoza kodi madini hayo na jinsi yanavyovuka mpaka na kuchanganywa na ya Rwanda. Yakishachanganywa, hakuna mkaguzi wa Kyoto anayeweza kuyatenganisha kwa kuyatazama.

Kuna anayeweza kusema kwamba konsoli moja badala ya mbili ni madini machache, kwa hiyo muungano ni habari njema kwa Masisi. Hesabu hiyo ni ya haraka. Kama mashine moja inauzwa milioni 150 ambapo mbili ziliuzwa milioni 89, vifaa vilivyotengenezwa ni vingi, si vichache. Na muungano umeamsha wengine. Valve ilitoa Steam Deck mwaka wa 2022. Microsoft imeshirikiana na Asus kutoa mashine ya mkononi yenye jina la Xbox, Oktoba 2025. Sony, mwezi Novemba 2023, ilitoa PlayStation Portal, ambayo si muungano hata kidogo: ni skrini ya mkononi iliyotoka kwa dola 199.99 ikihitaji uwe pia na PS5 nyumbani na intaneti imara. Kwa mkaaji wa Himbi anayehesabu mega zake, huo ni utani.

Pamoja na hayo yote, itakuwa kosa kusema mashine ya aina ya Switch haina nafasi Goma. Mji huu unajua kubeba. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, wakaaji wa sehemu 10 kati ya 18 za mji waliamriwa kuhama asubuhi ileile, na watu wakatoka na walichoweza kushika. Januari 2025 watu walikimbia tena, na wengi waliorudi walikuta milango imevunjwa. Televizheni haikimbii na mtu. Kitu kinachoingia mfukoni kinakimbia. Mwenye sale ambaye mtaji wake wote unaingia katika begi la mtoto wa shule yuko salama kuliko yule ambaye mtaji wake umefungwa ukutani, na hilo hakuna mchumi wa Kyoto aliyeliweka katika hesabu za mauzo.

Kwa hiyo inafaa kutazama Switch ya kwanza kuliko ya pili. Wenye kuhamia Switch 2 Ulaya na Marekani wanauza ya zamani, na mashine za zamani za Ulaya zina tabia ya kufika hapa, ndani ya masanduku ya ndugu wanaorudi likizo au katika kontena za mitumba. Mashine hiyo inacheza kartriji bila intaneti. Unaichomeka, unacheza, unaiuza, jirani anaicheza. Haiulizi unaishi nchi gani. Kama EA itaendelea kutoa mpira wa kweli kwenye mashine hizi, kuna biashara hapo, ndogo lakini halisi, kwa mtu mwenye betri ya sola na kiprojekta cha bei nafuu kinachotumia chaji badala ya televizheni.

Hatari ni kwamba Nintendo yenyewe inaanza kuufunga mlango huo. Kwenye Switch 2 baadhi ya kartriji zinazouzwa dukani hazina mchezo ndani. Zina ufunguo tu. Unaichomeka, na mashine inakuambia upakue mchezo kutoka intaneti, wakati mwingine gigabaiti makumi kadhaa, kabla ya kucheza mara ya kwanza. London hiyo ni kazi ya kusubiri chai ichemke. Goma ni mega za miezi, na huenda umeme ukakatika kabla ya kufika nusu.